Talaka: Neno Moja, Imani Mbili, Nyumba Moja

Ateremkaye Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani hulipita kanisa dogo la Kikatoliki, lililojengwa kando ya njia mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano. Mbele yake upo mji wa Mai Mahiu, kituo cha madereva wa malori na njia panda ya Naivasha na Narok. Katika mji kama huu, watu wa asili na madhehebu mbalimbali hukutana na kuoana. Je, wanandoa hao huambizana imani zao zinasema nini kuhusu talaka?

Wengi hawathubutu. Kulitaja neno hilo mbele ya mwenzi huhesabiwa kuwa uchuro, kana kwamba anayelitamka tayari amefunga virago. Hata hivyo, kimya hicho ndicho chenye hatari, kwa kuwa wawili hao hutumia neno moja lenye maana tofauti.

Kwa Mwislamu, talaka ina taratibu zake na eda yake, na mke naye ana njia ya khului au ya kumwendea kadhi. Kwa Mkatoliki, ndoa halali ya waliobatizwa, ikishakamilishwa, haivunjwi na binadamu. Mahakama ya Kanisa yaweza tu kutamka kwamba ndoa fulani ilikuwa batili tangu mwanzo, utaratibu ambao Papa Francis aliurahisisha mwaka 2015. Waprotestanti wengi, kwa kurejelea Mathayo 19, hukubali kwamba uzinzi waweza kuwa sababu ya kuachana. Aidha, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inamruhusu aliyefunga ndoa ya Kikristo kuomba ivunjwe kwa sababu kama uzinzi, ukatili, au kutelekezwa kwa miaka isiyopungua 3.

Chukua mfano wa mke Mkatoliki aliyeolewa na dereva Mprotestanti. Mume anaondoka, miaka 3 inapita bila salamu wala matumizi. Mahakama yaweza kuivunja ndoa hiyo, na mume akajiona huru kuoa kwingine. Mke, kwa imani yake, angali mke wa mtu. Akiolewa tena bila ndoa ya kwanza kubatilishwa, kwa kawaida hatapokea komunyo. Siku ya arusi wote wawili waliapa kiapo kimoja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake alikielewaje.

Hapana budi kutahadharisha kwamba mazungumzo haya yasigeuzwe pingu. Wapo wanaomwambia mke anayepigwa kwamba dini yake haimruhusu kuondoka. Huo ni upotoshaji. Hata Kanisa Katoliki, lisilokubali talaka, huruhusu wanandoa kutengana pale mmoja anapohatarisha mwili au roho ya mwenzake. Anayelijua hili mapema hawezi kufungwa kwa hofu.

Wapenzi wa Kiswahili nao wana wajibu. Talaka, kutengana na kubatilisha ndoa si visawe, ingawa mitaani huchanganywa. Mwanafunzi anayezitofautisha dhana hizi darasani na azitofautishe pia nyumbani kwake. Mazungumzo ya jioni moja, kabla ya posa au hata baada ya miaka kumi ya ndoa, hayamwachi mtu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu huanzia katika neno ambalo wawili hawajawahi kulifafanua pamoja.