Tamasha la Loiyangalani na Dhambi Tusiyoiungama



Baada ya Misa ya Dominika iliyopita tulisimamishwa mlangoni mwa kanisa na vijana wanaojiandaa kusafiri kwenda Loiyangalani, katika Kaunti ya Marsabit, kulitazama tamasha la utamaduni la Ziwa Turkana. Mzee mmoja wa jumuiya yao alikuwa amewaonya kwamba Mkristo aliyebatizwa hana ruhusa ya kwenda kushangilia ngoma za kipagani. Je, ni dhambi kwenda? Tuliwajibu kwa maneno mawili matatu, kwa kuwa Misa ya pili ilikuwa inaanza. Leo tunajibu kwa kirefu, na tunaomba mzee wetu atuvumilie.

Tangu mwaka 2008, jamii 14 za Marsabit zimekuwa zikikutana katika tamasha hilo ukingoni mwa ziwa, mahali pa mawe meusi ya volkano na upepo usiopumzika. Wapo Warendile, Wagabra, Waborana, Wasamburu, Waturkana, Waelmolo, Wadasanach, Waburji, Wakonso na wengineo. Kila jamii hujenga nyumba yake na kuonyesha nyimbo zake, mapambo yake na vyombo vyake. Mama wa Kigabra husimamisha nyumba ya fito zilizopindwa, ngozi na mikeka. Nyumba ni yake, na siku ya kuhama huibomoa mwenyewe na kuipakia juu ya ngamia. Sisi tunaolipa mafundi mwaka mzima kwa nyumba isiyokwisha tungekuwa na la kujifunza hapo.

Tena isisahaulike kwamba watu hao wamezikana. Mwezi Julai 2005, kijijini Turbi, katika kaunti hiyohiyo, makumi ya watu waliuawa kwa siku moja, wakiwemo watoto wa shule. Jamii zilizolizana namna hiyo zikikubali kucheza uwanja mmoja, ni nani kati yetu atakayesimama kando na kuziita za kipagani?

Neno hilo "upagani" tunalitumia kwa wepesi mno. Padre Paolo Tablino, mmisionari kutoka Italia, aliishi kati ya Wagabra kwa miaka mingi, akaandika juu yao kitabu kilichochapwa Nairobi mwaka 1999 na Paulines. Alijifunza jinsi wanavyohesabu miezi, na jinsi wanavyoipa miaka majina ya siku saba za juma, hata mwaka mmoja ukaitwa wa Ijumaa na mwingine wa Jumamosi. Padre huyo alikuwa na Injili ya kuhubiri kama sisi, lakini aliona vema kwanza kusikiliza. Waliomhukumu Mgabra bila kumsikiliza hawana kitabu cha kutuonyesha.

Kwa hiyo tunasema wazi: kwenda Loiyangalani si dhambi. Dhambi ipo, ila imekaa mahali ambapo mzee wetu hakuangalia, na wengi wetu tunaishiriki pamoja na wakubwa wanaofungua tamasha kwa hotuba. Tunapenda shanga, wala hatumpendi anayezivaa. Kwa siku tatu tunamwita "urithi wetu". Siku zinazobaki tunamwita mtu wa nyuma, asiyependa maendeleo, na tunamwamulia mambo yake bila kumwuliza.

Mfano uko papo hapo, kusini mwa Loiyangalani. Pamesimama mitambo 365 ya umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310, katika eneo la ekari 150,000. Hatupingi umeme. Taa inayowaka juu ya altare yetu yaweza kuwa inawashwa na upepo huohuo, maana umeme husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ukapita juu ya maboma mengi yasiyo na taa. Lakini ardhi hiyo ilikuwa malisho ya jamii. Wafugaji walikwenda mahakamani mwaka 2014, na mwezi Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi huko Meru ikaamua kwamba hati zilitolewa kinyume cha utaratibu wa sheria. Miaka saba! Katika miaka hiyo ngoma zao zilipigwa, picha zao zikapigwa, wageni wakapiga makofi. Baba Mtakatifu Fransisko aliandika katika Laudato Si', mwaka 2015, kwamba jamii za asili ziwe za kwanza kuulizwa pale miradi mikubwa inapoigusa ardhi yao, kwa kuwa kwao ardhi ni zawadi ya Mungu na ya mababu. Waraka huo tuliusoma katika semina, tukanywa chai, tukaenda nyumbani.

Waelmolo, wavuvi wa ziwa hilo, wamepoteza hata lugha yao. Leo wanasema Kisamburu. Katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kuyafikia makazi yao. Wakija uwanjani kuimba, tunaowapigia makofi tujiulize ni wangapi kati yetu walijua hayo.

Wala tusiwanyoshee kidole wakubwa peke yao. Kwaya yetu huvaa shuka na shanga kila sikukuu ya mavuno, na huwa tunapendeza kweli. Lakini tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022 mvua zilikosa kunyesha kaskazini misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa njiani kuelekea visimani. Tumelifungua daftari la parokia la miaka hiyo ili kuona mchango wetu kwa ndugu wa Marsabit. Tuliona mchango wa vipaza sauti vipya, na wa sare za kwaya. Wa Marsabit ni Dominika moja tu. Paroko anayeandika haya ndiye aliyetia sahihi.

Vijana, nendeni. Mkinunua ushanga, nunueni mkononi mwa mama aliyeutunga, wala msimpunguzie bei kama mnavyofanya sokoni. Msimpige mtu picha kabla ya kumsalimu. Na mkimpata mzee wa Kigabra chini ya kivuli, mwulizeni mwaka huu kwao unaitwaje, kisha keti chini, maana jibu ni refu.