Kwaya yawa mlango wa hela za wanasiasa kanisani

TANGAZO la Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, kwamba fedha alizotoa Rais William Ruto katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, Novemba 17, 2024 zingerejeshwa, lilizua mjadala mkali kuhusu siasa madhabahuni. Ni wachache walioitupia jicho kwaya.

Katika mchango huo, Sh600,000 zilitengewa wanakwaya na kundi jingine la parokia. Hakuna ajabu hapo. Kwaya nyingi hununua sare, kinanda na kulipa nauli za mashindano kwa michango ya waimbaji wenyewe, ambao wengi wao ni watu wa kipato kidogo. Mwanasiasa anayelifahamu hilo hana haja ya kumbembeleza padri. Husifia uimbaji, akatoa kitita mbele ya waumini wote, na nani atathubutu kukikataa?

Gharama yake hujitokeza baadaye. Padri akikemea ushuru au ufisadi, wanaoongoza nyimbo za ibada huwa wamevaa sare zilizonunuliwa na anayekemewa.

Agizo la askofu lilifunga mlango huo. Hata hivyo, parokia zisipotenga fungu la muziki kutoka kwa sadaka, waimbaji watazidi kumtazama mgeni wa heshima.