Undugu usioogopa maswali

Leo tuongee juu ya watoto wetu walio Marekani.

Kijana wa kaka yangu yuko mwaka wa kwanza wa chuo kikuu huko. Alinipigia simu usiku: «Baba mdogo, vyama viwili vimenialika. Nichague kipi?» Ni vyama vya wanafunzi wanaume, vinaitwa fraterniti. Wapya hutembelea nyumba zao kwa siku chache. Chama kikikupenda kinakupa mwaliko, nawe unatakiwa kujibu upesi. Kimoja kina nyumba kubwa na jina. Cha pili ni kidogo.

Sisemi vyama hivyo ni vibaya. Alpha Phi Alpha, alichojiunga nacho Martin Luther King, kilianzishwa na wanafunzi weusi mwaka wa 1906. Mtoto wa mkimbizi, peke yake kati ya maelfu, anahitaji ndugu. Lakini mwaka wa 2021, katika jimbo la Ohio, mwanafunzi wa miaka 20 alikufa kisha kunyweshwa pombe kali usiku wa kupokewa chamani.

Nilimwambia aulize pande zote mbili: mchango wa mwaka ni dola ngapi, pamoja na nguo na sherehe? Wapya wanafanyiwa nini usiku? Nikikataa kunywa, bado ni ndugu yenu? Tena asome ripoti ya chuo, maana sheria ya Marekani ya Desemba 2024 inalazimisha vyuo kutangaza vyama vilivyopatikana na kosa la kutesa wapya.

Swali la pesa si dogo. Mama yake anafanya kazi ya usiku, na ndiye anayemsaidia bibi aliyekimbia Sake. Deni la kijana lingeonekana kwenye sahani ya bibi.

Chama kikubwa kilicheka: «Utajua ukiisha ingia.» Kile kidogo kilimwandikia hesabu yote kwenye karatasi. Kwangu mimi, jibu lilikuwa limepatikana. Na kama vyote viwili vingecheka, angekataa vyote, bila haya.

Wazazi, tukipiga simu tusiulize mitihani tu. Tuulize pia: «Leo ulikula na nani?» Sisi tuliokimbia vita tunajua: aliyetupokea kwake hakututesa kwanza ndipo atuite ndugu.