Bati Kung'aa Si Kupoa

Mwandishi aliyeandika kwamba rangi nyeupe ya paa ni urembo wa wenye pesa ana hoja moja kubwa: bati jipya linang'aa vya kutosha, rangi ya nini? Apande akaliguse saa saba mchana. Bati tupu hurudisha mwanga mwingi, kweli, ila joto linaloingia halitoki upesi. Chuma kisichopakwa ni bahili wa kutoa joto. Rangi nyeupe hurudisha jua, kisha hulimwaga joto lake angani kwa mionzi isiyoonekana, mchana na usiku, bila umeme hata chembe.

Mwaka 2021 Xiulin Ruan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza rangi ya bariamu salfeti inayorudisha asilimia 98.1 ya mwanga wa jua. Juani, mchana kweupe, kilichopakwa kilikuwa baridi kuliko hewa iliyokizunguka. Feni haiwezi hilo. Feni husukuma tu joto lilelile.

Kuhusu unyevu, alioutaja pia, nampa haki yake. Hewa ya Tanga au Mombasa imejaa mvuke, na mvuke huziba njia ya joto kwenda angani, kwa hiyo maajabu ya Purdue tusiyatarajie yote. Lakini mvuke hauzuii jua kurudishwa lilikotoka.

Adui wa kweli hata hakumtaja: vumbi na ukungu mweusi. Hapo angenibana. Nani atapanda na ndoo na brashi kila masika yakiisha?