Simu na Mwili Wetu

Simu husema na mnara kwa mawimbi ya redio. Mnara ukiwa mbali, simu huongeza nguvu, kama mtu amwitaye mwenziwe ng'ambo ya bonde. Ndivyo iwavyo mara nyingi katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale.

Mwaka 2011 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba mawimbi hayo huenda yakaleta saratani; lakini jambo hilo halijathibitishwa. Basi tusiogope, bali tutumie busara. Mtandao ukiwa hafifu, tuandike ujumbe, au tuseme kwa kipaza sauti, simu ikiwa mbali na sikio. Akina mama wasiifunge kifuani, aliapo mtoto. Wala tusiilalie chini ya mto. Umbali mdogo hupunguza mawimbi sana, wala haugharimu kitu.