Mkuu wa Polisi Aliyeanza na Nyumba Yake

Mnyonge wa mjini akiibiwa, mlango wake wa kukimbilia ni mmoja tu, nao ni mlango wa kituo cha polisi. Akiufikia mlango huo akakuta kwamba aliyeketi ndani ana fungu lake katika mali iliyoibwa, hana tena pa kwenda. Ndiyo maana sisi tunaamini kwamba askari mmoja mla rushwa huudhuru mji kuliko wezi kumi. Mwizi huchukua mali ya mtu mmoja, lakini askari wa namna hiyo huchukua imani ya watu wote.

Jambo hili lilitukia London, mji ambao polisi wake walisifiwa duniani kote kwa utulivu na uaminifu. Leo tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu, hasa wale wavaao sare, habari za Sir Robert Mark, aliyekuwa Kamishna wa Polisi wa mji huo tangu mwaka 1972 hadi mwaka 1977. Hatumtaji kwa kuwa alikuwa mkamilifu. Tunamtaja kwa sababu ya jambo moja kubwa alilolitenda sawasawa, na jingine ambalo, kwa maoni yetu, alilikosea.

Bwana Mark alizaliwa Manchester mwaka 1917, akajiunga na polisi wa mji huo mwaka 1937 akiwa konstebo wa kawaida. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia jeshini, akatumikia katika Ulaya ya Magharibi pamoja na kikosi kilichokuwa na kazi ya kukusanya habari za mstari wa mbele na kuzipeleka makao makuu, akapanda hadi cheo cha Meja. Mwaka 1947 alirudi katika kazi ya polisi, na miaka kumi baadaye akawa Mkuu wa Polisi wa mji wa Leicester. Basi alikuwa mtu aliyeijua kazi ya askari kuanzia chini, kambini na barabarani pia.

Mwaka 1967 alihamishiwa London kuwa mmoja wa wasaidizi wa Kamishna. Hakupokewa kwa vigelegele. Wakubwa wa Scotland Yard walimwona mgeni wa mikoani asiyejua mambo ya mji mkuu. Waliojivuna kupita wote walikuwa makachero wa CID. Hawa walikuwa kama dola ndani ya dola: walikuwa na wakubwa wao wenyewe, waliwadharau wenzao wavaao sare, na kachero aliposhitakiwa kwa kosa, mara nyingi aliyemchunguza alikuwa kachero mwenziwe. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

Matokeo yake yalionekana Novemba 1969, gazeti la The Times lilipotangaza kwamba waandishi wake walikuwa wamenasa katika kanda sauti za makachero wakizungumza na mhalifu juu ya fedha anazopaswa kuwapa. Kesi ilikwenda polepole mno, na ni mwaka 1972 tu ndipo makachero wawili walipofungwa. Wananchi wakauliza: ikiwa gazeti limeyaona haya, wakubwa wa polisi walikuwa wakitazama wapi?

Katika hali hiyo Bwana Mark alikabidhiwa ukamishna mwezi Aprili 1972. Hakuanza kwa kutangaza vita juu ya majambazi wa mjini, ingawa maneno hayo yangalimpatia sifa kwa wepesi. Alianza na nyumba yake. Aliunda idara mpya, iliyoitwa A10, kuchunguza malalamiko juu ya askari wa kila cheo, akachanganya humo maofisa wa sare na makachero, ili kachero asiwe tena mchunguzi wa kachero peke yake. Aliwaweka makachero wa wilaya chini ya amri ya makamanda wavaao sare. Akaanzisha desturi ya kuwahamisha watu baina ya CID na sare, mtu asikae mahali pamoja hata akaota mizizi pamoja na wahalifu. Aliwaambia makachero waziwazi kwamba, ikibidi, atawarudisha wote katika sare.

Yaliyofuata yaliwashangaza hata wale waliodhani wanaijua hali. Zaidi ya watu 400 waliacha kazi katika muda wake, wengine kwa kushitakiwa, wengine kwa kuogopa kushitakiwa. Kenneth Drury, aliyekuwa mkuu wa kikosi mashuhuri cha kupambana na majambazi, aligundulika kuwa alikwenda mapumziko katika kisiwa cha Cyprus pamoja na mfanya biashara ya picha chafu. Mwaka 1977 alihukumiwa kifungo cha miaka 8. Bill Moody, aliyekuwa amepewa kazi ya kuipiga vita biashara hiyo hiyo ya picha chafu, alikuwa akipokea fedha za wafanya biashara wake, akahukumiwa miaka 12.

Wako waliosema wakati ule, na wako wasemao hata leo katika majeshi mengi, kwamba kuyafichua mambo kama haya ni kuvunja ari ya askari na kuwafurahisha maadui. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Ari ya konstebo mwaminifu huvunjika anapomwona mkubwa wake akila na mwizi, naye hana la kufanya. Wala kazi ya polisi wa London haikulala kwa sababu ya usafishaji ule. Mwaka 1975 walikabiliwa na matukio mawili ya kutekwa watu, moja katika mkahawa wa Spaghetti House na jingine katika mtaa wa Balcombe, ambako wapiganaji wanne wa IRA waliwashika mume na mke nyumbani kwao. Mara zote mbili polisi waliizingira nyumba, wakasubiri siku kadhaa kwa subira, na mateka wote wakatoka wazima. Kazi kama hiyo haifanywi na jeshi lililovunjika moyo.

Sasa tufike mahali alipokosea. Mwaka 1976 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Malalamiko juu ya Polisi, yenye wajumbe wasio polisi. Bwana Mark aliipinga kwa nguvu, na mwezi Machi 1977 akajiuzulu badala ya kuitumikia sheria ile. Hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema kwamba nidhamu ni jukumu la mkuu, na kwamba siasa isiingizwe katika amri za polisi. Tena aliweza kuonyesha kwa matendo kwamba yeye alikuwa mkali kwa watu wake kuliko mgeni yeyote.

Lakini je, baada yake? Mwaka 1978, hata miaka miwili haijapita, ilibidi askari kutoka mikoani waitwe tena London kuchunguza tuhuma mpya za rushwa, katika uchunguzi uliojulikana kwa jina la Countryman. Uchunguzi huo ulichukua miaka, na waliotiwa hatiani walikuwa wachache sana. Mwaka 2021, Bwana Mark akiwa amekwisha kufariki tangu 2010, jopo huru lililochunguza mauaji ya mwaka 1987 lilitamka kwamba polisi wa London walikuwa na ufisadi wa kitaasisi, kwa jinsi walivyoficha makosa yao ili kulinda jina lao. Mfagiaji alipoondoka, aliondoka na ufagio wake.

Kwa hiyo sisi tunashikilia mambo mawili kwa pamoja. Bila mkuu mwenye moyo wa kuwashika watu wake mwenyewe, bodi za nje hubaki kuandika barua na kungoja majibu. Na bila jicho la nje lenye nguvu ya sheria, kazi ya mkuu mwema hufa siku anapokabidhi ofisi. Uingereza yenyewe imekibadili chombo chake cha malalamiko mara kwa mara, mwaka 1985, mwaka 2004 na tena mwaka 2018, jambo linaloonyesha kuwa kazi hii haimaliziki kwa sheria moja.

Polisi wa nchi zetu za Afrika Mashariki walirithi kutoka kwa Waingereza vyeo vingi pamoja na mgawanyo huo huo baina ya wavaao sare na watu wa CID. Basi hapana budi tuurithi na mfano huu. Hauwahusu makamishna peke yao. Anayeyaona maovu kwanza ni konstebo wa zamu na mwanajeshi wa lindo, kwa maana yeye ndiye aliyekuwapo kizuizini fedha zilipobadilisha mikono. Akinyamaza, mkubwa wake hatajua; akisema, naye mkubwa wake akamlinda, usafi umeanza. Wakubwa wanaposoma haya, wajiulize kama askari wa namna hiyo atakayebisha hodi ofisini mwao kesho asubuhi atasikilizwa, au atapewa uhamisho.