Sheria ya Gesi Imemfunga Nani?

Kwenye kundi letu la WhatsApp imezuka tena ile habari kwamba serikali inakuja kutung'olea majiko ya gesi. Kwa anayeishi Texas, hofu hiyo haina msingi. Tangu Mei 2021 sheria ya jimbo iitwayo HB 17 inazuia mji wowote kukataza jengo kuunganishwa na huduma kwa sababu tu ya aina ya nishati. Hata madiwani wote wa Houston wakikubaliana, hawawezi kuzuia bomba la gesi. Wala hawakuwa wameomba kufanya hivyo.

Mambo yalianzia mbali na sisi. Mwaka 2019 Berkeley, California, ulikuwa mji wa kwanza Marekani kupiga marufuku mabomba ya gesi kwenye majengo mapya. Mwaka uliofuata Arizona ikatunga sheria ya kuzuia miji yake isiige, na majimbo zaidi ya 20 yakafuata mkondo huo. Januari 2023 kamishna mmoja wa tume ya taifa ya usalama wa bidhaa, Richard Trumka Jr., akadokeza kuwa hata marufuku ya majiko yanawezekana. Mwenyekiti wa tume akakanusha upesi, lakini maneno yalishasambaa. Juni ile Baraza la Wawakilishi likapitisha miswada miwili ya kuyalinda majiko, lakini Seneti haikuipitisha. Berkeley nayo ilishindwa mahakamani, na mwaka 2024 ikakubali kufuta marufuku yake.

Tunaelewa kwa nini wengi wetu wanaipenda gesi. Februari 2021, baridi ilipozima umeme wa Texas, mwenye jiko la gesi aliwasha kiberiti akachemsha chai. Wapo waliowasha mkaa ndani ya nyumba, na kaboni monoksaidi ikaua watu hapa Houston. Lakini uchunguzi wa wasimamizi wa nishati wa taifa ulionyesha kuwa mitambo mingi ya umeme ilizimika kwa kuganda na kwa kukosa gesi hiyohiyo. Hilo halisemwi sana na wanaoishangilia gesi.

Halafu kuna sufuria. Zile za aluminiamu tulizobeba kutoka Kariakoo hazipati moto kwenye jiko la umeme la indaksheni, na anayetaka kusonga ugali wa watu kumi huko atanunua vyombo upya.

Tanzania, mtungi wa gesi unahesabiwa kuwa nishati safi, na mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kule gesi inalinganishwa na kuni na mkaa. Huku inalinganishwa na umeme, na wapima hewa wanataja naitrojeni dayoksaidi, ambayo huchokoza pumu, hasa kwa watoto. Kote wana haki.

Msimamo wa jarida hili ni kwamba hatutaki marufuku, na HB 17 pia hatuipendi. Austin, kwenye bunge la jimbo, mgeni wa juzi hana wa kumsikiliza. Kwenye baraza la mji unapewa dakika chache mbele ya kipaza sauti, na diwani wako anaweza kukujua kwa sura. Kila jambo linalohamishwa kutoka baraza hilo kwenda Austin linatusogeza nyuma ya foleni.

Tena wengi wetu ni wapangaji. Jiko huchaguliwa na mwenye nyumba, na HB 17 haimlazimishi akuwekee la gesi wala la umeme. Tunachopambana nacho ni feni ya juu ya jiko inayovuta moshi na kuurudisha mlemle jikoni badala ya kuutoa nje, na vitambuzi vya kaboni monoksaidi visivyowekwa au vilivyokufa betri. Mambo hayo hayamo kwenye HB 17, na hatujayapeleka popote.

Mwenye feni ya namna hiyo ajiandikishe kwa katibu wa jumuiya yetu kabla ya mkutano mkuu, aseme jengo lake lina vyumba vingapi na kama ameshamwandikia mwenye nyumba. Kamati itachagua wasemaji watatu wa kwenda barazani Jumanne.